Kipima EC cha maji, udongo na nyaya: shajara ya mradi

Lengo

Tunatengeneza kifaa cha bei ndogo cha kupima upitishaji umeme, yaani ile EC ya mabwana shamba, kwa maji ya kisima na udongo wa bustani za mboga za ukanda wa pwani. Huko chumvi huingia visimani kadiri pampu zinavyovuta. Maji baridi huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi, msongamano 1.000 dhidi ya 1.025. Kwa hesabu ya tofauti hiyo, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inalingana na mita kama 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukishusha maji ya kisima nusu mita kwa muda mrefu, umeupa mpaka wa chumvi ruhusa ya kupanda mita 20.

Kazi mbili zimeongezwa kwa ombi la mafundi umeme: kujua ardhi ya kiwanja inafaa kiasi gani kwa ethi (fimbo ya kupeleka umeme uliovuja ardhini), na kukagua kama waya unaouzwa kwa jina la shaba ni shaba kweli.

Maji, udongo na waya haviko karibu hata kidogo kwa kupitisha umeme. Shaba safi hupitisha siemensi milioni 58 kwa mita, maji ya bahari kama 5, maji ya kisima kizuri 0.05, na udongo mkavu wa kichanga chini ya hapo. Kwenye shaba wanaobeba chaji ni elektroni. Kwenye maji na udongo ni ayoni za chumvi iliyoyeyuka. Lakini tatizo la kupima ni lile lile kote: kinachodanganya si kitu unachokipima, ni pale elektrodi inapokigusa. Karibu kila uamuzi ulioandikwa hapa chini unatokana na hilo.

Vizio: 1 dS/m = 1 mS/cm = 1000 µS/cm. Vipima vya kalamu vinavyoonyesha "ppm" (sehemu za chumvi kwa milioni) havipimi ppm. Vinapima EC, kisha vinazidisha µS/cm kwa 0.5 au kwa 0.7 kutegemea mtengenezaji. Mtu akikuletea ppm muulize kwanza kalamu yake inazidisha kwa ngapi, la sivyo namba mbili za kisima kimoja zitapishana kwa asilimia 40 na kila mmoja ataapa yake ni sahihi.

Seli ya maji

Imekamilika. Vipande: fimbo mbili za stenlesi zenye kipenyo cha mm 3 (fimbo za kuchomelea stenlesi zinafaa, gonga utoe ganda lote na usugue kwa msasa laini), bomba la PVC la nusu inchi lenye urefu wa sm 8, gundi ya epoksi, mpira wa kusinyaa kwa joto, na waya wa nyuzi mbili mita 1.

Fimbo zimesimamishwa sambamba, katikati hadi katikati mm 10, ndani ya bomba. Mpira wa kusinyaa umefunika kila fimbo hadi ikabaki wazi mm 20 za mwisho tu. Hizo mm 20 zisibadilike tena: epoksi ikitambaa au mpira ukivuka mm 1, kipimo kinahama kwa asilimia 5. Tundu mbili za mm 5 zimetobolewa juu kidogo ya sehemu iliyo wazi ili hewa itoke. Kiputo kimoja kikikwama kati ya fimbo, EC inashuka na haitarudi mpaka utikise seli.

Risasi ya kawaida ya kulehemu haishiki kwenye stenlesi, kwa hiyo waya umebanwa kwa kiungo cha shaba na skrubu, kisha sehemu yote ikazamishwa kwenye epoksi. Maji yakiufikia mgusano huo wa shaba na stenlesi, shaba inaliwa haraka na seli inaanza kuleta namba za ajabu. Fimbo za shaba tupu au mabati hatukuzitumia kwa sababu hiyo hiyo: zinayeyuka kidogo kidogo ndani ya maji unayoyapima na uso wake unabadilika kila siku. Vijiti vya kaboni vya betri kubwa za redio vinafanya kazi, ila vina vinyweleo vinavyohifadhi maji ya sampuli iliyopita. Ukivitumia, vichemshe kwanza kwenye nta ya mshumaa na usugue uso upya.

Kizidishio cha seli, K, ni umbali gawanya kwa eneo. Kwa fimbo mbili zilizo kwenye maji mengi, hesabu ya vipimo hivi inatoa K ya karibu 0.3 kwa sm. Bomba linapobana njia za mkondo K inapanda, kwetu tunategemea karibu 0.4, na ndiyo sababu rula haitoshi. K halisi hupatikana kwa myeyusho unaojulikana. Faida ya bomba ni kwamba kuta za ndoo au glasi haziingilii tena. Seli isiyo na bomba hubadili namba ukiisogeza pembeni ya chombo.

Saketi na programu

Bodi ni Arduino Nano ya volti 5, kompyuta ndogo ya kuprogramu. Pini D4 inakwenda kwenye rezista ya 470 Ω yenye uvumilivu wa asilimia 1, kutoka hapo hadi elektrodi ya kwanza. Elektrodi ya pili iko D5. A0 inasoma volti, kwa namba za 0 hadi 1023, pale rezista inapokutana na elektrodi. Hakuna kingine, ukiacha kipima joto cha DS18B20 chenye rezista yake ya 4.7 kΩ.

Umeme wa betri wa moja kwa moja haufai. Ukiutumia, ayoni zinajazana kwenye uso wa fimbo, viputo vya gesi vinaanza, na ndani ya sekunde chache namba inateremka kama mtungi uliotoboka. Kwa hiyo pini mbili zinabadilishana: D4 iwe volti 5 na D5 volti 0, kisha kinyume chake. Kila nusu ya mzunguko ni mikrosekunde 250, yaani kiloherzi 2.

Jambo ambalo miongozo mingi hairuki tu bali inalikosea: usome lini ndani ya hiyo nusu? Uso wa stenlesi kwenye maji ni kapasita, kwa seli hii mikrofaradi kumi na kitu hadi ishirini. Unajaa upande mmoja, unatoka, unajaa upande wa pili. Ukisoma mwishoni mwa nusu, umesoma maji pamoja na kapasita. Ukisoma katikati kabisa, volti ya kapasita inapita sifuri na kinachobaki ni maji peke yake. Kwa hiyo programu inasubiri mikrosekunde 125 ndipo inaanza kusoma. Usomaji wa Nano huchukua kama mikrosekunde 112, na kunasa kwenyewe hufanyika mwanzoni, hivyo unamalizika kabla ya kugeuza. Mizunguko 100 ya kwanza inatupwa ili kapasita itulie kwenye mwendo wake, 200 inayofuata inapigwa wastani, kisha pini zote mbili zinashushwa hadi volti 0. Usiache pini moja juu wakati kifaa kinapumzika. Huo ni umeme wa moja kwa moja uliorudi kwa mlango wa nyuma.

Hesabu: a ni usomaji wa nusu ya kwanza, b wa pili. n = (a + 1023 − b) / 2, na ukinzani wa seli = 470 × n / (1023 − n). EC kwa mS/cm = 1000 × K / ukinzani.

Kabla ya kutia seli majini, jaribu saketi kwa rezista za kawaida: 100, 270, 1000 na 10,000 Ω. Hapo utaona kwamba ukiunganisha waya mtupu n haiwi 0, maana pini zenyewe zina ukinzani wa ndani wa ohmu ishirini na kitu. Namba hiyo inatolewa kwenye hesabu. Ukiruka hatua hii, kosa la pini litajificha ndani ya K na kipimo kitakuwa sahihi kwenye myeyusho mmoja tu.

Kosa la kuwinda: maji yakiwa na kipima pH cha kompyuta hiyo hiyo ndani ya glasi moja, namba zote mbili zinaharibika, kwa sababu mkondo wa seli unapata njia ya kupitia elektrodi ya pH. Pima kimoja, toa, ndipo upime kingine.

Kusawazisha kipimo

Kiwango ni kloridi ya potasiamu ya maabara: 0.01 mol kwa lita hutoa 1413 µS/cm kwenye nyuzi 25. Hiyo ni gramu 0.745 kwa lita, na mizani ya jikoni haiwezi. Njia yetu ni kupima gramu 7.45 kwenye mizani ya sonara ya 0.01 g, kujaza maji hadi lita 1 (huo ni 12.88 mS/cm), kisha kuchukua ml 100 na kuziongeza maji hadi lita 1. Mbolea ya potashi ya dukani ni chumvi ile ile ila ina uchafu wa kutosha kukupoteza.

Ukikosa kloridi ya potasiamu, chumvi ya mezani gramu 1 kwa lita inatoa karibu 2 mS/cm kwenye nyuzi 25. Ikaushe kwanza kwenye oveni nyuzi 105 kwa saa mbili. Chumvi ya pwani hunywa unyevu wa hewa, na ukipima ilivyo unapima maji pia.

Maji ya kuyeyushia ni ya betri, yale yaliyosafishwa. Angalia vizuri kabla ya kununua, kwani baadhi ya maduka huuza maji na asidi ya betri kwenye chupa zinazofanana. Seli yenyewe inaweza kukuambia: maji mazuri hayafiki 10 µS/cm, chini kabisa ya uwezo wa kifaa hiki, kwa hiyo n inakaa karibu na 1023. Asidi inaangusha n hadi chini papo hapo. Usionje.

Joto: EC ya maji hupanda karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi 1, kwa sababu maji ya moto ni mepesi kupitika kwa ayoni. Tunarudisha kila kipimo kwenye nyuzi 25 kwa kugawanya na 1 + 0.02 × (T − 25). Ndoo iliyokaa juani ikifika nyuzi 35 ingeonyesha asilimia 20 zaidi bila chembe ya chumvi kuongezeka. Subiri kipima joto kitulie, dakika moja au mbili, maana ganda lake la chuma linachelewa.

K ikishapatikana kwa 1413, hakiki kwa myeyusho wa pili. Kwa K ya 0.4, 1413 inapaswa kusomeka kama 283 Ω. Jaribio zuri la mwisho ni kubadili nusu ya mzunguko kutoka mikrosekunde 250 hadi 500, ukisoma katikati kama kawaida. Namba ikihama zaidi ya asilimia 2, uso wa fimbo ndio unaosema, si maji. Sugua kwa msasa laini, osha kwa siki, suuza, rudia.

Mipaka ya seli hii ni 50 µS/cm hadi 5 mS/cm. Ziwa Victoria, takribani 100, linaingia. Tanganyika, kama 650, linaingia. Turkana, kama 3500, bado linaingia. Bahari haiingii.

Kusoma maji

Kwa umwagiliaji tunafuata mipaka ya FAO: chini ya 0.7 dS/m hakuna tatizo la chumvi, 0.7 hadi 3 angalia zao na jinsi maji yanavyotoka shambani, zaidi ya 3 ni hatari kubwa.

EC haisemi ni chumvi gani. Sodiamu inayoufanya mfinyanzi uwe mgumu na kalsiamu inayoulegeza zinasomeka sawa. Sukari haionekani, na urea pia haionekani mpaka vijidudu vya udongo viigeuze kuwa amonia, hivyo usiitumie EC kupima kama mbolea ya urea imechanganyika sawasawa kwenye tangi. Na vimelea haivioni kabisa: kisima cha 300 µS/cm kinaweza kuwa na kipindupindu. Wenye visima huuliza hili kila mara, na jibu ni kuchemsha maji au kuyatia klorini, EC iwe ngapi.

Udongo

Kuchomeka seli moja kwa moja ardhini tumekuacha. Namba ya hapo inategemea unyevu na jinsi udongo ulivyoibana fimbo kuliko inavyotegemea chumvi. Mwagilia, namba inapanda, na chumvi ni ile ile.

Tunatumia mchanganyiko wa moja kwa tano. Udongo unaanikwa kivulini, unapondwa, unachekechwa kwa chekecheo la mm 2. Gramu 20 zinatiwa kwenye chupa na ml 100 za maji ya betri, zinatikiswa saa 1, zinaachwa nusu saa zitulie, kisha seli inaingia kwenye maji ya juu bila kugusa tope.

Namba hiyo si ECe, yaani EC ya maji yaliyokamuliwa kutoka udongo ulioloweshwa hadi kushiba, ambayo ndiyo iliyomo kwenye majedwali ya mazao. Kuibadilisha unazidisha kulingana na udongo: mchanga karibu 23, tifutifu 9.5, mfinyanzi mzito chini ya 6. Tofauti ni kubwa kwa sababu mchanga hushika maji machache, na chumvi ile ile ndani ya maji machache ni kali zaidi kwa mzizi. Kwa hiyo 0.2 dS/m kwenye kichanga cha pwani ni ECe ya 4.6, tayari juu ya mstari wa 4 unaotenganisha udongo wa chumvi, wakati 0.2 hiyo hiyo kwenye mfinyanzi haina neno. Udongo wenye jasi unadanganya kwa njia nyingine: jasi inaendelea kuyeyuka kwenye chupa, na peke yake inaweza kufika kama 2.2 dS/m.

Sampuli zichukuliwe kina cha sm 0–20, 20–40 na 40–60. Usikwangue ule weupe wa juu ya tuta na kuupima kama udongo wa shamba. Maji hupanda, yanakauka, yanaacha chumvi pale juu. Mizizi haipo hapo.

ECe ikiwa 4, majedwali ya Maas na Hoffman ya 1977 yanatoa hivi: nyanya inavumilia hadi 2.5, kisha inapoteza asilimia 9.9 kwa kila dS/m, kwa hiyo inabaki asilimia 85 ya mavuno. Vitunguu, kuanzia 1.2 na kupoteza 16, vinabaki 55. Maharage yanaanza kuumia kwenye 1.0 na kupoteza 19 kila hatua, yanabaki 43. Kwa mwenye kisima cha chumvi, kuchagua zao ni dawa ya haraka kuliko zote tulizonazo.

Sehemu ya maji yote unayomwagilia inayotakiwa kusukuma chumvi chini ya mizizi ni ECw / (5 × ECe − ECw), ECw ikiwa EC ya maji ya kisima na ECe ikiwa kikomo cha zao. Kisima cha 1.5 kwa nyanya: 1.5 / 11, karibu asilimia 14 ya maji yote. Kwa maharage ni asilimia 43, na kisima kinachovutwa kiasi hicho kitazidi kuingiza chumvi. Hesabu ina jibu, kisima hakina.

Ardhi na ethi

Hapa tunatumia nondo fupi nne kwenye mstari mmoja, njia iliyochapishwa na Frank Wenner mwaka 1915. Nafasi kati yake ni mita 1, kina sm 5 tu. Mbili za nje zinapitisha mkondo, mbili za ndani zinasoma volti. Multimita ya megaohmu 10 haivuti mkondo wa maana, kwa hiyo mgusano mbaya wa nondo za ndani hauhesabiki. Nondo za nje zinaweza kuwa na ukinzani wa ohmu mamia kila moja. Haijalishi pia, mradi mkondo unapimwa. Mwagia maji kidogo kwenye nondo za nje ardhi ikiwa kavu.

Chanzo ni betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Umeme wa nyumbani usiguswe kwa kazi hii. Soma, geuza waya za betri, soma tena, piga wastani wa ukubwa, ili volti ndogo za asili za ardhini zifutike. Mfano wa hesabu: mkondo 10 mA, volti 0.16, ukinzani 16 Ω, zidisha kwa 6.28 na mita 1, unapata kama 100 Ωm. Ukiigeuza ni 0.1 dS/m, lakini hiyo ni ya ardhi nzima na hewa yake na mawe yake. Usiipeleke kwenye jedwali la nyanya.

Kwenye ardhi ya 100 Ωm, fimbo ya ethi ya mita 1.2 yenye mm 16 hutoa karibu 72 Ω. Ya mita 2.4 hutoa karibu 40, si 36. Fimbo mbili zilizopandwa sentimita chache kutoka kwa kila moja zinagombea udongo ule ule. Ziachane angalau urefu wa fimbo. Ile desturi ya kujaza mkaa na chumvi shimoni inashusha ohmu kweli, hadi masika yaioshe chumvi, na wakati huo huo inakula fimbo. Pima kiangazi kikali, ndipo ujue ethi yako.

Nyaya

Mita 10 za shaba ya 2.5 mm² hazitakiwi kuzidi 0.0741 Ω kwenye nyuzi 20. Multimita ya kawaida inaonyesha 0.1 Ω kama hatua yake ndogo, na waya zake zenyewe zina 0.2 au zaidi, hivyo haiwezi kukuambia lolote.

Dawa ni ile ile ya nondo nne. Betri ya gari, taa ya indiketa ya 12 V 21 W kama kizuizi, ampea-mita, na mita 10 za waya, vyote kwa mfuatano. Unaopita ni kama ampea 1.75. Multimita iliyowekwa milivolti inagusa waya wenyewe, ndani ya vibanio vya mkondo, isivigusie vibanio. Gawanya milivolti kwa ampea: shaba nzuri inatoa hadi 74 kwa kila ampea, na 77 kwenye joto la nyuzi 30, kwa kuwa shaba hupoteza kama asilimia 0.4 ya upitishaji wake kwa kila nyuzi. Ni kinyume cha maji: joto linatikisa atomi za chuma na elektroni zinagongana nazo zaidi.

Ikitoka 110 au zaidi, pima kipenyo. Waya wa 2.5 wa uzi mmoja una mm 1.78. Kipenyo kikiwa pungufu, umeuziwa waya mwembamba. Kikiwa sahihi, umeuziwa alumini iliyovikwa shaba. Kwangua kwa kisu, weupe utaonekana.

Kinachofuata

Visima vilivyokwisha kuvamiwa na bahari vinavuka 5 mS/cm, na hapo seli ya fimbo mbili ina ukinzani chini ya 80 Ω huku pini na uso vikidai sehemu kubwa. Seli mpya itakuwa na pete nne za stenlesi ndani ya bomba, mkondo kwenye za nje, volti kwenye za ndani, pamoja na kikuza-ishara kimoja cha kusoma tofauti ya volti kati ya pete hizo za ndani. Pete zinakatwa kutoka bomba la stenlesi la mm 12. Bado haijaamuliwa zizibwe kwa epoksi au kwa mipira ya pete, kwa sababu epoksi ikishagandishwa pete haitoki tena kusuguliwa.